KUOKOA MJI SIO KULIPA DENI LA MTOTO, MSITUCHANGANYE!

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna katuni inaitwa Killadelphia. Sio zile za kumwekea mtoto atulie ale uji, hii ni ya watu wazima, damu nje nje. Mwandishi ni Rodney Barnes, mchoraji Jason Shawn Alexander, imeanza kutoka 2019 chini ya Image Comics ya Marekani. Tangu niwaazime washkaji, kila nikikaa kijiweni nasikia wimbo mmoja: "Mzee Sangster ameshalipa, dogo amsamehe yaishe." Hapo ndipo mimi na nyie tunapogombana.

Kwa ambaye hajaisoma, stori iko hivi. James Sangster ni mpelelezi mkubwa pale Philadelphia, mji mzima unamheshimu. Nyumbani sasa! Mwanae Jimmy, naye askari ila wa kawaida tu wa mji mdogo, amekua na kinyongo na baba ambaye mji ulimpata, yeye akamkosa. Mzee anauawa. Jimmy anakuja kuzika, anakuta daftari la mshua, anaanza kufuatilia, kumbe mji umejaa vampaya. Na mzee mwenyewe anaamka akiwa mmoja wao!

Bosi wao ni nani? John Adams, rais wa pili wa Marekani. Yule yule wa kwenye historia, aliyeingia madarakani 1797 wakati Philadelphia bado ndio mji mkuu wa nchi. Jeshi lake analiokota mtaani, kwa masikini ambao hakuna anayewaulizia wakipotea.

Haya, tuje kwenye ugomvi wetu. Mnasema mzee kalipa kwa sababu anapigana kuokoa mji. Jamani, mji ndio uliokuwa unamdai? Mji alishaupa kila kitu tangu akiwa hai. Anayemdai ni Jimmy. Huwezi kuwa na deni kwa Mangi wa dukani, ukaenda kumlipa konda wa daladala, halafu ukatamba huna deni. Kitabu cha kwanza chenyewe kinaitwa Sins of the Father, yaani dhambi za baba. Hakiitwi ushujaa wa baba.

Wengine mnasema amekufa, inatosha. Mtu akifa tunasema marehemu hasemwi vibaya, tunakunja mkeka, yameisha. Vampaya hana hiyo bahati. Amekufa, amerudi, na mtoto amesimama pale pale na swali lile lile. Ndio maana naipenda hii katuni, imemnyima mzee mlango wa kutorokea.

Halafu mwangalieni Adams. Na yeye anajiona anarekebisha mambo! Nchi aliyosaidia kuianzisha anaona imeharibika, anataka kuinyoosha, ila gharama wanalipa wengine kwa damu yao. Tofauti yake na mzee Sangster sio meno, meno wote wanayo. Tofauti ni nani anaumia ili wewe uonekane umebadilika.

Hapa nawakumbuka baadhi ya mastaa wetu, majina naweka kapuni. Mtoto hajamuona miaka, ada hajui inalipwa shule gani. Siku ya besdei anatokea na keki, zawadi na mpiga picha. Anaposti "damu yangu", nyie mnajaza makopakopa na "baba bora". Mmemwangalia mtoto kwenye hiyo picha? Hacheki. Ametumika kumsafisha mtu mzima. Huo sio u-Sangster, huo ni u-Adams.

Najua ninachosema. Mshua wangu aliondoka nikiwa darasa la tano. Alirudi nimeshamaliza form four, pombe kaacha, mpole kama maji ya mtungi. Ndugu na majirani wakanijia juu mimi: "Baba ni baba, msamehe." Hakuna aliyemwambia yeye aje aniulize nilikuwa nakula nini miaka yote hiyo. Siku moja akaja mwenyewe, mikono mitupu, akauliza. Niliongea mpaka giza likaingia, hakujitetea hata neno moja. Sikumsamehe siku ile. Kesho yake akarudi tena. Hapo ndipo nilipoanza kumuona.

Kuna atakayeniambia, "Sasa kama hasamehewi, ya nini ajitahidi?" Ajitahidi kwa sababu anadaiwa! Msamaha ni mali ya Jimmy. Akitaka atautoa leo, akitaka atautoa kesho, asipotaka pia basi. Mdaiwa hapangi tarehe ya kusamehewa, na sisi watazamaji ndio kabisa hatuhusiki.

Kwa hiyo acheni kumkaba dogo. Someni tena, safari hii mkae upande wa mtoto, halafu tiririkeni hapo chini: mzee wako akirudi usiku, ana meno na aibu yake, ungefungua mlango? Na usinijibu kwa sababu "baba ni baba". Nijibu kwa sababu yako.