Tanbihi nazo zina jinsia

Oktoba 2, 2018, Donna Strickland wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Gérard Mourou na Arthur Ashkin. Kabla yake tuzo hiyo ilikuwa imewafikia wanawake wawili tu: Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert-Mayer mwaka 1963. Waliokimbilia Wikipedia siku ile wamsome ni nani hawakumkuta. Mourou, aliyemsimamia katika masomo ya uzamivu na kushirikiana naye katika kazi iliyowapa tuzo, alikuwa na makala yake kwa miaka mingi.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Miezi michache kabla, mtu aliandika rasimu ya makala juu ya Strickland, na mwezi Mei ikakataliwa. Mhariri wa kujitolea aliyeipitia aliona kwamba marejeo yaliyotajwa hayatoshi kuonyesha kuwa anastahili makala.

Lawama zilimwangukia mhariri huyo, na kwa kweli alionewa. Alifuata kanuni ya jumla. Kwa kawaida Wikipedia haimpimi mtu kwa kazi yake, humpima kwa yale ambayo wengine wasiofungamana naye wameyaandika juu yake. Hata Katherine Maher, aliyekuwa akiongoza Wakfu wa Wikimedia wakati huo, alijitetea hivyohivyo: upendeleo umo duniani, kamusi elezo inauonyesha tu. Utetezi huo ni wa kweli, ila haujakamilika.

Tangu hapo, na hata kabla, mjadala wa jinsia katika Wikipedia umekuwa wa kuhesabu makala. Mradi wa Women in Red, wa kuongeza wasifu wa wanawake, ulipoanza mwaka 2015, katika kila wasifu 100 wa Wikipedia ya Kiingereza takriban 15 tu ulikuwa wa wanawake. Leo ni karibu 20. Mwanafizikia Jess Wade wa Imperial College London peke yake ameandika wasifu wa mamia kwa mamia ya wanasayansi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini inahesabu wale wanaoandikwa. Wale wanaotajwa chini ya ukurasa, ambao maneno yao ndiyo yanayoibeba makala, hawahesabiwi.

Makala juu ya malaria au Vita vya Majimaji haimhusu mwanamke wala mwanamume fulani, na bado kila sentensi yake inaegemea mtu aliyefanya utafiti akaandika. Xiang Zheng na wenzake walichunguza machapisho ya kitaaluma yanayotajwa katika Wikipedia, wakakuta kazi za wanawake zinatajwa pungufu ya matarajio, na za watafiti walio nje ya nchi zinazozungumza Kiingereza nazo zimepunjwa. Mtafiti wa kike wa Dodoma au Bujumbura, kwa hiyo, amepunjwa mara mbili.

Jibu la haraka ni kwamba ukweli hauna jinsia. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, aandike nani asiandike nani. Sawa. Ila tarehe ni sehemu ndogo ya historia. Sehemu kubwa hutegemea nani aliulizwa, na nani aliona kuna haja ya kumuuliza.

Historia ya TANU, chama kilichopigania uhuru huo, yenyewe ni ushahidi. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kama kazi ya wanaume waliosoma, wengi wao katika shule za misheni, na vyanzo vyake vilikuwa hotuba zao, barua zao na mafaili ya serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1980 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alikaa na wanawake waliokuwa mstari wa mbele, akarekodi maisha yao kwa vinywa vyao, Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Mkuu miongoni mwao alikuwa Bibi Titi Mohamed. Kitabu cha Geiger, TANU Women, kilitoka mwaka 1997, miaka mitatu kabla Bibi Titi hajafariki. Humo inaonekana kwamba chama kilienea uswahilini Dar es Salaam kwa njia ambayo mafaili hayakuijua: vikundi vya ngoma vya akina mama. Bibi Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Wanawake wale hawakungoja wasomi wawafundishe umoja wa watu wa makabila mbalimbali. Walikuwa wakiuishi katika ngoma zao. Mwandishi wa Wikipedia asiyekitaja kitabu hiki hajamwacha nje mwanamke mmoja tu. Ameeleza vibaya jinsi uhuru ulivyopatikana.

Hakuna sababu ya kudai kila makala iwe na nusu kwa nusu katika tanbihi zake. Dai hilo lingeleta marejeo ya kujazia, na msomaji ndiye angeumia. Linalowezekana ni mhariri kutazama orodha yake kabla hajachapisha na, palipo na vitabu viwili vya uzito mmoja, asichukue kile kilichozoeleka kwa sababu tu kimezoeleka. Kutazama kwenyewe si rahisi. Desturi ya kuandika jina la ukoo na herufi ya kwanza inaficha mengi: anayekuta “Werner, A.” katika marejeo ya tungo za Kiswahili hawezi kujua kwamba huyo ni Alice Werner, mwanamke aliyeshiriki kuhariri na kutafsiri utenzi wa Mwana Kupona, ambaye naye ni mwanamke. Majina kamili hayagharimu kitu.

Wikipedia ya Kiswahili ina jukumu lake pia. Makala zake nyingi zimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na anayetafsiri hurithi uchaguzi wa vyanzo uliofanywa na mtu mwingine, mbali, kwa maktaba nyingine.

Lakini kidole kisiishie kwa wanaojitolea usiku bila malipo. Vyanzo wanavyovitegemea hutoka vyuoni na magazetini. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, GMMP, uligundua mwaka 1995 kwamba katika kila watu 100 wanaosikika au kutajwa katika habari, 17 walikuwa wanawake. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25 kwa nyongeza ya wanane!

Mwendo huo unaweza kuharakishwa. Mtangazaji Ros Atkins wa BBC alianza mwaka 2017 kuhesabu wachangiaji wa kipindi chake kila siku; walikuwa asilimia 39 wanawake, na ndani ya miezi minne wakafika nusu. Hapakuwa na sheria mpya wala bajeti, ilikuwa hesabu tu ya kila jioni. Vyumba vya habari vya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar vinaweza kuanza wiki hii, na viongeze moja: daktari au mhandisi wa kike anapohojiwa, aandikwe jina lake lote, cheo chake na mahali anapofanyia kazi. Habari inayomwita “mama huyo” kuanzia aya ya pili hadi ya mwisho haimsaidii mhariri wa kamusi elezo atakayeitafuta miaka kumi baadaye.