Salamabila: simu ikipotea, namba ni ya nani?

Siku watu wanakimbia Salamabila, hakuna mwenye nafasi ya kufunga mzigo. Mtu anashika mtoto, anashika sufuria, anashika simu. Karatasi zinabaki nyumbani: kadi ya uchaguzi, diplome, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya kiwanja. Kisha njiani simu nayo inaanguka mtoni, ama inanyang'anywa kwenye barieri. Ndani yake mlikuwa na pesa, namba za jamaa wa Kindu na Bukavu, picha ya baba aliyefariki, na picha za zile karatasi zilizobaki nyumbani.

Je, vitu hivi vinaweza kurudi? Mara nyingi ndiyo, na bila ujuzi mkubwa wa kompyuta. Lakini vinarudi kwa yule tu anayeweza kuonyesha kwamba ni vyake. Hapo ndipo shida ya wakaaji wengi wa Kabambare na Kasongo inapoanzia, juu namba wanayotumia kila siku iko kwa jina la mtu mwingine.

Simu imekuwa benki, imekuwa pia kabati

Salamabila imekua kandokando ya dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza kuzalisha kwa biashara kule mnamo Januari 2016. Mwezi wa Julai 2019 wafanyakazi wanne wa mgodi walitekwa nyara, na mwezi wa Septemba mwaka uleule Banro ikasimamisha kazi. Vita kati ya jeshi la FARDC na Mai-Mai Malaika vimewakimbiza watu mara nyingi: wengine kwenda msituni, wengine Kasongo, na wengine wamerudi na kukimbia tena.

Katika hali hiyo, hakuna mwenye akili anayependa kutembea na franka mfukoni. Mchimbaji akiuza gramu zake, pesa inaingia kwenye simu. Mama anayeuza chumvi na samaki analipa mzigo wake kwa simu. Mwanafunzi aliye Kindu anatumiwa pesa ya shule kwa simu. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 na benki zikafunga milango, mashariki yote iliona jambo lilelile: namba ya simu ndiyo ilibaki kuwa benki ya mtu wa kawaida.

Kwa hiyo mwizi akichukua simu leo, amechukua duka, kabati la karatasi na daftari la jamaa kwa mara moja.

Funguo tatu zilizo kwa wengine

Ili mtu arudishiwe data zake anahitaji funguo tatu. Kwa watu wengi, zote tatu hawana.

Ufunguo wa kwanza ni SIM. Sheria inataka kila SIM iandikishwe kwa jina la mwenyewe, na kitambulisho chake. Lakini wengi walinunua SIM barabarani siku ambayo hawakuwa na kadi. Muuzaji akatumia kadi ya mtu mwingine, ama mjomba akatoa ya kwake. Wakati simu inafanya kazi, hakuna anayekumbuka. Siku inapotea, mtu anaenda kuomba SIM mpya yenye namba ileile, mhudumu anauliza: "Jina gani?" Anataja jina lake, mashine inaonyesha jina lingine. Mjomba akiwa amefariki ama amekimbilia mbali, namba imekwenda, na pesa iliyo ndani yake inakuwa kesi.

Ufunguo wa pili ni Gmail. Kila simu ya Android inaomba anwani ya Gmail mbele ya kuanza kutumika vizuri. Huku kwetu mara nyingi muuzaji ndiye anaifungua palepale dukani, anaweka neno la siri analojua yeye, na mwenye simu anaondoka akifurahi. Gmail hiyo ndiyo inaweza kuhifadhi namba za jamaa, picha, na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp. Ndiyo pia inasaidia kutafuta simu iliyopotea na kuifunga kutoka mbali. Asiyejua anwani yake wala neno lake la siri ana nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa aliyemuuzia mlango. Na huyo muuzaji, akitaka, anaweza kuingia.

Ufunguo wa tatu ni kitambulisho. Kwa Wakongomani wengi, kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha pekee. Zile zilizotolewa katika uandikishaji wa 2022 na 2023 zilikuwa na ubaya unaojulikana na kila mtu: maandishi yalianza kufutika mbele hata ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023, mpaka CENI ikalazimika kutoa nakala mpya. Aliye na kadi nyeupe isiyosomeka atahangaika kama yule aliyeipoteza.

Kazi ya kulinda data huku kwetu ni hii: kurudisha funguo hizi kwa mwenyewe siku ya amani. Siku ya vita ni kuchelewa.

Namna ya kurudisha funguo

Kuhusu SIM, mtu aende kwa wakala halali wa kampuni yake na kadi yake mkononi, aulize namba iko kwa jina la nani. Kama ni la mwingine naye bado yuko, waende pamoja ili jina libadilishwe. Kama hilo haliwezekani, heri achukue SIM mpya kwa jina lake, ahamishe pesa polepole na kuwajulisha jamaa, kuliko kungoja siku ya msiba.

SIM yenyewe inaweza kufungwa kwa namba ya siri, ili mwizi akiiweka kwenye simu nyingine asipokee kitu. Hii ni muhimu, kwa kuwa mwenye SIM anapokea SMS zote zenye kodi, na kwa kodi hizo anaweza kuchukua WhatsApp na Gmail. Lakini mtu asijaribu kwa kubahatisha: akikosea mara tatu SIM inajifunga, na itadai namba ya PUK, ambayo kwa kawaida imechapwa kwenye ile plastiki SIM ilitoka nayo. Plastiki hiyo isitupwe.

Kuhusu Gmail, mwenye simu afungue mipangilio, aende kwenye akaunti, aandike anwani anayoikuta. Kama hajui neno la siri, amwite aliyeifungua na abadilishe akiwa bado na simu mkononi. Kisha namba za jamaa ziwekwe kwenye Gmail, zisiwekwe kwenye SIM peke yake. Wengi wanaamini kwamba SIM mpya itarudi na majina yao. Hapana. Namba ya mwenyewe inarudi, lakini majina yaliyoandikwa ndani ya SIM ya zamani yanapotea nayo.

Kwenye WhatsApp, mtu aweke uthibitisho wa hatua mbili, ambao ni namba ya siri ya tarakimu 6. Bila namba hiyo, mwizi mwenye SIM hawezi kufungua WhatsApp kwa urahisi na kuanza kuomba jamaa pesa. Pia aangalie sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mtu aliyeshika simu kwa dakika mbili tu, kwa mfano kwenye banda la kuchaji, anaweza kuunganisha WhatsApp hiyo na kompyuta yake na kusoma kila kitu. Kifaa kisichojulikana kiondolewe.

Mwisho, daftari. Mtu apige *#06# kwenye simu yake. Namba ya tarakimu 15 inayotokea ni IMEI, yaani kitambulisho cha simu yenyewe. Ndiyo namba ambayo serikali ilitumia kwa ile kodi ya RAM, iliyokuwa ikikata yunite za watu tangu 2020 mpaka ikafutwa 2022. Kodi imekwenda, namba bado inasaidia wakati wa kuonyesha kwamba simu iliyokamatwa ni yako. Iandikwe kwenye daftari pamoja na anwani ya Gmail na namba tano za jamaa wa karibu. Maneno ya siri yasiandikwe humo. Nakala moja ya ukurasa huo ikae kwa ndugu anayekaa mji mwingine.

Saa ya kwanza

Simu ikipotea, wengi wanaanza kwa kuipigia, kumwomba mwizi, kuahidi zawadi. Saa ya thamani inapita.

La kwanza ni kuazima simu na kuita kampuni ifunge SIM na akaunti ya pesa. La pili ni kuwaambia jamaa wasitume pesa kwa ujumbe wowote unaotoka kwenye namba ile. La tatu, kama kuna rezo na mega, ni kuingia kwenye Gmail kwa simu ya mtu wa kuaminika, kubadilisha neno la siri, na kutumia huduma ya kutafuta kifaa ili kuifunga simu ama kufuta vilivyomo. Mtu asisahau kutoka kwenye akaunti mbele ya kurudisha simu ya watu. La nne ni kwenda kwa utawala kuomba karatasi ya kupotelewa, ile wengi wanaita atestasio. Kisha ndipo kuomba SIM mpya. Ikiwashwa kwenye simu nyingine na WhatsApp ikafunguliwa, ile ya mwizi inakatika yenyewe.

Picha zilizofutwa na flashi yenye virusi

Si kila hasara inatoka kwa mwizi. Mtoto anafuta picha, flashi inarudi kutoka nyumba ya fotokopi ikiwa tupu.

Picha ikifutwa kwenye simu, mara nyingi haijaondoka. Imeingia kwenye pipa la takataka la programu ya picha, na hukaa kule siku 30 ama 60 kulingana na simu. Ifunguliwe na irudishwe.

Kama picha zilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ile ndogo inayoingizwa kando ya SIM, ijulikane kwamba kufuta ni kama kurarua orodha ya mbele ya kitabu: kurasa bado ziko mpaka mtu aandike juu yake. Kwa hiyo mtu asipige picha nyingine hata moja. Atoe kadi, aipeleke kwa mwenye kompyuta, aombe programu ya bure kama PhotoRec, na picha zinazopatikana zihifadhiwe ndani ya kompyuta, si kwenye kadi ileile. Kwa picha zilizokuwa ndani ya simu yenyewe, matumaini ni madogo, kwa sababu simu za sasa zinafunga data kwa kodi. Programu nyingi zinazoahidi miujiza zinaleta matangazo tu.

Flashi ikionyesha alama za njia za mkato badala ya mafaili, mara nyingi virusi vimeyaficha bila kuyafuta. Kompyuta ikiuliza kama iifomati, jibu ni hapana. Fundi achunguze flashi kwa programu ya kuua virusi, kisha kwenye dirisha la amri la Windows aandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi, inaweza kuwa nyingine). Mafaili yaliyofichwa yatatokea tena, na yahamishwe fasi safi.

Nakala, lakini si za kila kitu

Kupiga picha kadi ya uchaguzi, diplome na karatasi ya kiwanja kunafaa, hasa kwa kadi zinazofutika. Lakini picha hiyo ikibaki kwenye simu isiyofungwa, inampa mwizi jina na namba za kujifanya mwenyewe. Heri nakala ikae kwenye Gmail na kwa ndugu mmoja wa kuaminika, simu iwe na namba ya kufungulia, na fotokopi moja ya karatasi ikae mbali na nyumba.

Kuna vitu ambavyo heri visikae kwenye simu kabisa. Huku simu zinaweza kupekuliwa barabarani. Orodha ya majina, picha za askari ama za wapiganaji, karatasi ya hospitali ya mwanamke aliyebakwa: vyote hivi vinaweza kuleta hatari kwa mwenye simu na kwa wengine. Na anayepita nyumba kwa nyumba akisema anaandikisha wakimbizi kwa msaada hana sababu yoyote ya kuomba namba ya siri ya akaunti ya pesa. Akiomba, ni mwizi.

Sheria iko, lakini iko mbali

Kongo ina Sheria ya Dijitali ya 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya ulinzi wa data za watu. Kwa karatasi, mkaaji wa Salamabila analindwa sawa na wa Kinshasa. Lakini safari ya kwenda Kasongo ama Kindu kwa ajili ya namba moja ya simu inaweza kula siku na pesa kuliko thamani ya simu yenyewe. Wasiokuwa na kadi wanaendelea kutumia SIM za wengine, na kila kukimbia kunawakuta palepale.

Hapa kampuni za simu zina kazi. Zinatafuta wateja mpaka ndani ya machimbo. Zinaweza pia kutuma mawakala wa kurekebisha majina ya SIM siku za soko, wakati kumetulia. CENI na utawala nao wanajua kadi ngapi hazisomeki tena. Wakingoja, kila familia inaweza kuanza na ukurasa mmoja wa daftari: IMEI, Gmail, namba tano, na jina lililo kwenye SIM. Kama jina hilo si la mwenye simu, kazi ya kwanza ndiyo hiyo.