Uso Mkavu si Moyo Mtulivu

Miongoni mwa sifa ambazo watu huzitoa kwa wingi na kuzipima kwa uchache, mojawapo ni sifa ya mcheza poka mwenye uso usiosema kitu. Akipewa karata njema hatabasamu. Akipewa mbaya hanuni. Akipoteza mali ya mwaka mzima kwa karata moja, kope zake hazitikisiki. Waandishi wa vitabu vya mafanikio wamemfanya kielelezo cha mtu aliyejitawala, na vijana huvisoma vitabu hivyo wakaamini kwamba mwenye kuuficha moyo wake ameushinda. Rai hii ni mbovu tangu msingi wake. Kuficha hasira si kuitawala, kama vile kufunika chungu si kuzima moto. Na mtu aendaye kwenye meza ya karata akitegemea ushupavu wa moyo peke yake hana tofauti na nahodha aingiaye bahari kuu akitegemea upana wa kifua chake badala ya usukani, tanga na nanga.

Ili ubovu wa rai hii uonekane, yafaa kwanza mchezo wenyewe ueleweke. Poka ina namna nyingi, lakini iliyoenea zaidi ni ile ya Texas. Katika karata 52, kila mchezaji hupewa mbili azionazo yeye peke yake. Kisha karata tano huwekwa wazi katikati ya meza kwa hatua tatu, nazo ni za wote. Katika kila hatua watu huweka dau, hufuata, huongeza, au hutupa karata zao na kungoja mgao mwingine. Karata bora za kuanzia ni ree mbili, nazo humfikia mchezaji, kwa wastani, mara moja katika mara 221. Ichukuliwe kwamba mtu amengoja kwa subira, amezipata, mpinzani wake ana wafalme wawili, na wote wawili wameweka kila walicho nacho kabla ya karata za katikati kufunuliwa. Katika mara 100 za namna hii, mwenye ree hushinda mara 82 hivi. Mara 18 zilizobaki hushindwa, na hushindwa bila kosa.

Mara 18 hizo ndizo zivunjazo watu. Mchezaji amefanya kila jambo lililompasa, na bado mali imekwenda kwa mwingine. Huona amedhulumiwa. Hutafuta mwizi asimwone, kwa kuwa mwizi hayupo. Hesabu imedai fungu lake tu. Na kwa kuwa mtu mwenye kuushika mchezo huu kama kazi hucheza maelfu ya migao kwa mwaka, jambo hili halimjii kama ajali ya nadra. Humjia kama mpangaji mwenye ufunguo wake wa mlango.

Wachezaji wa Marekani wana neno la hali ifuatayo pigo la namna hii. Wamelitoa katika mashine za mchezo wa gololi, ambazo mchezaji akizitikisa au kuziinamisha kwa nguvu hujifunga na kukatisha mchezo. Kiswahili kina usemi uliotangulia mashine hizo: chombo kimekwenda mrama. Mtu aliyekwenda mrama hucheza karata ambazo saa moja kabla angezitupa bila kuziangalia mara mbili. Huongeza dau ili arudishe upesi alichopoteza. Humwandama mtu mmoja, yule aliyemshinda, kana kwamba fedha za watu wengine mezani si fedha. Wahenga walisema kwamba hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Na kwenye meza ya poka wavuvi wameketi pande zote, wakingoja kwa adabu kubwa.

Wasifuo uso mkavu hudhani kwamba haya huwapata wanyonge tu. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameonyesha kinyume chake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi kile kile, na kwamba mtu aliyekwisha kuingia hasarani huelekea kuchagua hatari ambayo asingeigusa alipokuwa salama. Basi mchezaji asemaye, "Nirudishe changu kwanza, kisha niondoke," hasemi neno la upumbavu wake binafsi. Asema neno la maumbile ya binadamu. Kumtaka mtu huyo ajitawale kwa nguvu za moyo saa ile ile ni kumtaka hakimu aliyekwisha kula rushwa aamue kesi kwa haki. Akili ambayo ingemwonya ndiyo iliyopotoka, nayo humwambia kwa sauti tulivu kabisa kwamba dau linalofuata ni la busara. Uso waweza kuwa mkavu kama jiwe huku maamuzi yakitiririka kuelekea shimoni.

Historia ya mchezo wenyewe yatosha kuwa shahidi. Stu Ungar alishinda shindano kuu la Mashindano ya Dunia ya Poka huko Las Vegas mara tatu, katika miaka ya 1980, 1981 na 1997. Hapana mjuzi aliyetilia shaka akili yake mbele ya karata. Walakini fedha alizozipata mezani zilimtoka kwa dau za farasi na za michezo, na kwa dawa za kulevya. Novemba 1998, mwaka mmoja na nusu baada ya kushinda dola 1,000,000 ambazo aligawana na mtu aliyemlipia kiingilio, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei nafuu katika mji ule ule. Alikuwa na miaka 45, wala hakuacha mali. Ungar alijua kilichomo mikononi mwa wapinzani wake. Mfuko wake mwenyewe haukuwa na mlinzi.

Kwa upande wa pili yupo Phil Hellmuth, aliyeshinda shindano hilo mwaka 1989 akiwa na miaka 24. Mtu huyu hana uso mkavu hata kidogo. Amejulikana kwa kupiga kelele, kulalamikia bahati, na kuwakejeli waliomshinda, hata akabandikwa jina la mtoto mtukutu wa poka. Kelele hizo si adabu, wala hapana haja ya kuzitetea. Lakini hadi mwaka 2023 alikuwa amepata bangili 17 za ushindi katika mashindano hayo, idadi ambayo hapana mchezaji mwingine aliyekuwa ameifikia. Kama uso ungekuwa ndio nidhamu, na nidhamu ndiyo ushindi, mtu huyu angalirudi kwao mikono mitupu zamani.

Hapa watetezi wa uso mkavu hukimbilia hoja yao ya mwisho, nayo ni mashine. Husema: mnamo Januari 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza migao 120,000 kwa siku 20 dhidi ya wachezaji wanne wa kazi, ikawashinda wote wanne. Mashine haina hasira wala hofu. Kwa hiyo, wasema, aliyeua hisia zake ndiye mshindi. Hoja hii ingekuwa nzuri kama historia ingeanza mwaka 2017. Lakini mwaka 2015, katika mji ule ule, programu iliyoitangulia, Claudico, kazi ya chuo hicho hicho, ilicheza migao 80,000 dhidi ya wachezaji wanne, na kwa jumla wanadamu walimaliza wakiwa mbele. Claudico nayo haikuwa na hasira. Haikuwa na hofu. Haikuwa na uso wa kufichua siri. Ilikuwa na utulivu wote ambao vitabu vya mafanikio huwaahidi wasomaji, na bado iliachwa nyuma. Kilichotofautisha mashine hizo mbili ni ubora wa hesabu zao, si ukimya wa nyoyo ambazo hazikuwa nazo.

Jambo hili halipasi kuwashangaza wasomi. John von Neumann alionyesha tangu mwaka 1928, na tena mwaka 1944 katika kitabu alichokiandika pamoja na Oskar Morgenstern, kwamba michezo ya namna hii yaweza kupimwa kwa hisabati. Hata kudanganya kwa dau, jambo ambalo watu hulidhania kuwa ni kazi ya macho na ujasiri, kuna kiasi chake kipasacho: akidanganya mno hukamatwa, asipodanganya kabisa hufahamika, na kiasi hicho hutafutwa kwa hesabu.

Basi nidhamu ya mchezaji wa kweli i wapi? I katika mambo ambayo hayapigwi picha. Hutungwa mapema, wakati damu imepoa, na kazi yake ni kumfunga mtu yule ambaye mchezaji atakuwa atakapokasirika. Jambo la kwanza ni mfuko. Fedha za mchezo hutengwa na fedha za chakula, za kodi ya nyumba na za ada ya watoto, na sehemu ndogo tu ya mfuko huo huletwa mezani. Chris Ferguson, aliyekuwa bingwa wa mwaka 2000, aliwahi kuanza bila hata senti, kwa mashindano yasiyo na kiingilio, akafikisha dola 10,000; na sharti lake kubwa lilikuwa kutoketi kwenye meza ya kawaida na zaidi ya sehemu 5 katika 100 za alicho nacho. Mwenye sharti hilo hahitaji moyo wa chuma, kwa sababu hapana pigo moja liwezalo kumwangusha. Jambo la pili ni mpaka wa saa na wa hasara, uliowekwa kabla ya kuketi, na ambao mchezaji huutii hata kama moyo wake waapa kwamba bahati i karibu kugeuka.

Jambo la tatu ni gumu kuliko yote: kuhukumu uamuzi kwa sababu zake, si kwa tokeo lake. Doyle Brunson alitwaa ubingwa mwaka 1976 na tena mwaka 1977, na mara zote mbili karata za mwisho mkononi mwake zilikuwa kumi na mbili, karata dhaifu ambazo mwalimu yeyote wa poka humwambia mwanafunzi azitupe. Mwanafunzi ambaye kwa ajili ya ushindi ule angeanza kuzipenda karata hizo angekuwa amejifunza kwa bingwa jambo la kumfilisi. Annie Duke, aliyesomea elimu ya nafsi kabla ya kuwa mchezaji, aliandika mwaka 2018 kulaumu mazoea haya ya kumwita mwenye bahati kuwa ni mwenye busara, na mwenye mkosi kuwa ni mjinga. Aliyeyatoa mazoea hayo moyoni hupungukiwa na sababu ya kukasirika. Akishindwa na ree mbili huuliza swali moja: je, ningefanya vile vile tena? Jibu likiwa ndiyo, jambo limekwisha. Huo ndio utulivu; nao ni tunda la fahamu, haukuchongwa juu ya uso.

Watatokea wengine wenye lawama tofauti, waseme kwamba kamari ni kamari, na kuzungumza juu ya nidhamu yake ni kuipaka chokaa nyumba iliyooza. Neno lao lina uzito kuliko wapenzi wa karata wanavyokubali. Poka haizalishi kitu. Anachokipata mmoja kimetoka kwa mwingine, na mwenye nyumba hukata fungu lake katika dau. Kwa hiyo jumla ya hasara za wachezaji hupita jumla ya faida zao. Kutokana na hayo hufuata neno ambalo vitabu vya mafanikio hulikwepa: mtu aweza kuwa mtulivu, mpole, mwenye uso wa jiwe, na akapoteza mali yake yote kwa utulivu.

Kwa ajili hiyo nidhamu ina jambo la nne, nalo ni daftari. Kila kikao huandikwa, cha faida na cha hasara, kwa kuwa kumbukumbu ya mcheza kamari hupenda kuhifadhi harusi na kusahau mazishi. Daftari lililoandikwa kwa uaminifu litawaambia wachache waendelee, na litawaambia wengi waache. Kulitii linaposema "acha" ni nidhamu kubwa kuliko kukaa mezani usiku kucha bila kupepesa jicho.

Neno hili haliishii Las Vegas. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam awekaye dau la mpira kwa simu yake hana mtu wa kumficha uso. Yuko peke yake na kioo cha simu, na hasara ya jana, na ile sauti tulivu imwambiayo arudishe changu kwanza. Kumshauri awe na moyo mgumu ni kumpa silaha itakayomchoma mwenyewe, kwa sababu moyo mgumu ndio umwezeshao kuweka dau la pili baada ya la kwanza kumuumiza. Afadhali moyo laini na kanuni ngumu. Aliyeitupa simu chini kwa hasira, akalia, akakumbuka mpaka aliojiwekea asubuhi, akaenda kulala, huyo amejitawala. Na yule mwingine, aliyetabasamu kwa upole huku akiweka ada ya chuo juu ya mchezo wa mwisho, asisifiwe tena mbele ya wanafunzi.