Kamera Ikiingia Nyumbani, Binti Asiachwe Nje



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), naomba wanafunzi, wazazi na walezi mnisikilize katika jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa ni mchezo tu. Nalo ni kamera. Sikusudii kamera ya simu, ambayo sasa imo mkononi mwa kila mtu. Nakusudia ile kamera kubwa yenye lenzi ya kuvua na kuvisha, na kioo ndani yake, ambayo madukani huitwa DSLR.

Zamani kamera ya namna hii ilikuwa ya wenye uwezo. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilipotoa EOS 300D ilikuwa habari kubwa, kwa sababu mtu wa kawaida aliweza kuipata kwa chini ya dola 1,000 za Kimarekani. Siku hizi makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na hizi za kioo zinauzwa mkono wa pili kwa bei ambayo familia inaweza kuifikiria. Nyingine huja kwa njia tunayoijua sote: mjomba wa Muscat au shangazi wa London amenunua mpya, ile ya zamani ameitia begini akaja nayo likizo. Na ikishafika, anayekabidhiwa mara nyingi ni mtoto wa kiume. Binti huitwa kuja kupigwa.

Rai yangu ni kwamba kamera hiyo isiishie kuwa pambo la kabatini wala kitu cha kuringia barazani. Ijifunzwe kwa mpango, kama mtu anavyojifunza hati nzuri. Na kama nyumbani ipo moja tu, basi binti awe wa mwanzo kufundishwa.

Najua swali litakalokuja, na ni haki yake kuulizwa katika jarida la madrasa: je, picha inajuzu? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli kilichokwisha kuwepo, si kuumba sura mpya, akaona inajuzu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliitaja rai hiyo na kuitegemea katika kitabu chake cha Al-Halal wal-Haram fil-Islam. Upande wa pili, wanavyuoni wakubwa kama Sheikh Abdulaziz bin Baz na Sheikh Nasiruddin al-Albani walikataza picha za wenye roho isipokuwa kwa haja, kama vile vitambulisho. Mimi si wa kuhukumu baina yao, na kila nyumba ina walimu wake inaowafuata. Ila nasema hivi: hata anayeshika kauli ya ukali bado ana uwanja mpana mno. Jahazi lililopwelewa, karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, mlango wa nakshi, maandishi ya Kikufi katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria. Hakuna roho hapo, na kazi ipo ya miaka.

Tena elimu hii ina mizizi kwetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake nyingi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir yapata miaka elfu moja iliyopita. Humo alionyesha kwa majaribio kuwa jicho halioni kwa kutoa miale, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Alizipanga taa nje ya chumba chenye giza, akaacha mwanga upite katika kitundu kimoja, akaona kila taa imepata mahali pake ukutani, na akiiziba moja, doa lake peke yake hutoweka. Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba yeye ndiye aliyevumbua kamera na kwamba hata neno lenyewe ni la Kiarabu. Tusiseme hivyo. Neno ni la Kilatini, maana yake chumba, na yeye hakutengeneza chombo cha kuhifadhi picha. Alilolifanya ni kubwa la kutosha, halina haja ya kutiwa chumvi.

Mwanafunzi anaweza kulirudia jaribio hilo mwenyewe. Funga madirisha ya chumba mchana wa jua kali, ziba kila penye upenyo kwa boksi, kisha toboa tundu dogo upande wa mtaani. Macho yakishazoea giza utauona mtaa ukutani, kichwa chini, na watu wanapita. Kamera ya DSLR ni chumba hicho hicho kilichofanywa kidogo cha kubebeka.

Na ndiyo maana nasema ijifunzwe. Wengi hulizungusha gurudumu la juu hadi kwenye alama ya kijani, wakaliacha hapo miaka yote, kamera ikawaamulia kila kitu. Mtu huyo hajafaidika zaidi ya mwenye simu. Mambo ya kujua ni matatu tu: ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata, na wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao huandikwa ISO. Tundu huwachanganya wanaoanza kwa sababu namba ndogo ndiyo tundu kubwa: f/4 huingiza mwanga maradufu ya f/5.6. Tundu kubwa humwonyesha unayempiga peke yake na kuyafifisha ya nyuma. Tundu dogo, kama f/11, huonyesha mbele na nyuma kwa usafi. Shata ya 1/500 humsimamisha mtoto anayekimbia. Ya 1/15 mkono ukitikisika kidogo picha imeharibika. ISO ukiipandisha sana picha huingia chengachenga. Ukiongeza hapa, punguza pale. Anza na alama ya A, au Av kwa kamera za Canon, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inatafuta kasi. M iache mpaka mkono uzoee.

Kuna somo moja ambalo vitabu vingi vya wenzetu hulipitia juu juu, nasi tunalihitaji kuliko wao. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kuwa kinachotazamwa kina weupe wa wastani. Siku ya Idi, ikitazama safu za kanzu nyeupe hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na kanzu zikatoka za kijivu kana kwamba hazikufuliwa. Ukiielekeza kwa akina mama waliovaa mabuibui hukosea upande wa pili: huongeza mwanga, nyeusi ikafifia na nyuso zikapauka. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu nyingi ongeza mpaka +1, kwa mabuibui punguza mpaka −1, kisha tazama na urekebishe. Na mchana wa saa saba usimpige mtu juani. Kofia huliangusha giza machoni na uso wote ukawa mashimo. Msogeze kwenye kivuli cha baraza, au ngoja baada ya Alasiri, wakati jua limelala na kuta za mawe zimekuwa na rangi ya asali.

Enzi za filamu mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Kijana ajipangie vivyo hivyo: picha 36 kwa wiki nzima, hata kama kadi ina nafasi ya elfu mbili. Atatazama kabla ya kubonyeza. Wakati wa sala kamera irudi mkobani, na siku ya mtihani ibaki kwa mzazi.

Faida ya elimu hii si ya burudani peke yake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka hapa Mji Mkongwe na watu wawili wakafariki, Allah awarehemu. Aliyekuwa na picha safi za ngazi zake, nguzo zake na milango yake alikuwa na kitu ambacho hakiwezi kupigwa tena kama kilivyokuwa. Na tunaijua sura ya Zanzibar ya zamani kwa sababu watu kama Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, walikaa na kazi hiyo maisha yao. Kule Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na bado kazi yake inazungumzwa.

Lakini hao walikuwa wanaume, na kazi yao iliishia pale mwanamume wa kando anapoweza kufika. Hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize zaidi.

Tazameni harusi zetu, kuanzia hapa Unguja mpaka Mombasa. Upande wa akina mama bibi harusi amepambwa, mikono ina hina, nywele ziko wazi, na mashoga wamevaa walivyopenda kwa kuwa wanajua wako peke yao. Picha zinatakiwa, kwa sababu hakuna mama asiyetaka kumbukumbu ya siku ile. Sasa nani azipige? Wapo wanaomwingiza mpigapicha mwanamume na kuambizana kuwa yeye ni fundi tu, kama daktari. Si kama daktari. Hakuna dharura hapo, na picha anazoondoka nazo zinabaki kwake, katika kadi yake na kompyuta yake. Wapo waliokataza picha kabisa na simu zikaachwa mlangoni, na siwalaumu, maana tumeona picha ya mtoto wa watu iliyopigwa ukumbini usiku ikawa imefika kwenye simu za vijana wa barazani asubuhi. Aliyeumia ni yule binti, wala hakujua nani aliyempiga.

Njia iliyo safi ni kuwepo kwa mabinti wanaojua kazi. Wako baadhi, na wanatafutwa kila msimu wa harusi, lakini hawatoshi. Hawatatosha maadamu kila kamera inayoingia nyumbani anapewa kaka. Msichana wa darasa la pili la sekondari akianza leo, kwa utulivu, baada ya miaka mitatu anaweza kuipiga harusi ya binamu yake kwa namna itakayowaridhisha wazee wote. Ukumbini taa ni hafifu, na hapo ndipo elimu ya tundu na ISO itakapomfaa. Lenzi ndogo ya 50mm yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa zile za bei rahisi na humtosha bila ya kuwamulika watu kwa flashi usiku kucha.

Wazazi wengine wanahofu kuwa binti atazoea kutoka. Mbona mengi ya kujifunza yamo ndani ya nyumba? Mwanga wa dirishani ukipiga birika la chai, mikono ya bibi ikichambua mchele, ua la asumini asubuhi kabla halijanyauka. Mwenye kujua kuupiga mkono wa bibi yake karibu na dirisha, huyo atajua kuupiga mkono wenye hina.

Wavulana nao wana sehemu yao, na si ndogo. Surat an-Nur imetufundisha kubisha hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na baada ya hapo ikawaamrisha waumini, wanaume na wanawake, kuinamisha macho. Lenzi ndefu ni jicho linalofika mbali kuliko macho yetu. Anayemvuta mwanamke wa watu kwa lenzi ya 300mm kutoka upande wa pili wa barabara ameingia bila ya hodi, na katazo la kupelelezana katika Surat al-Hujurat halikumtoa yeye kwa kuwa ameshika kamera. Omba ruhusa kwanza. Ukikataliwa, shukuru na upite. Mvuvi, muuza kahawa, mzee wa barazani, hao nao wana haki ya kukataa, hata kama picha ilikuwa nzuri namna gani.

Na jamani, chombo chenyewe kitunzwe. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kabatini huota kuvu ndani ya vioo vyake, ikawa haifai tena. Vile vipakti vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Vitiwe kwenye mkoba wa kamera na vibadilishwe. Lenzi isibadilishwe ufukweni wakati wa upepo. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini, si kwa ncha ya kanga.

Napendekeza kwa walimu na kamati ya wazazi kwamba mahafali yajayo upande wa wanawake upigwe na mabinti wetu wenyewe, wawili au watatu, waanze kufundishwa tangu sasa siku za mapumziko, na aliye na kamera nyumbani aiazime. Wapewe sharti moja mapema: sherehe ikimalizika, kadi inakabidhiwa kwa mwalimu wa kike, picha zinatazamwa naye pamoja na wahusika, isiyoridhiwa inafutwa hapo hapo, na hakuna hata moja inayorushwa kwenye simu kabla ya hapo. Miezi iliyobaki inatosha kwa somo la tundu, shata na ISO, ikiwa tutaanza sasa.

Wabillahi tawfiq.