Rufaa Isiwe Kutupwa



Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Anayeandika rufaa ya safari hiyo hutia sahihi moja tu. Familia huuza mbuzi, kisha shamba. Tunaambiwa kwamba mabingwa wako huko. Hilo hatulikatai. Tunakataa mgonjwa kusafirishwa kama mzigo, jamaa zake wasiulizwe nani atamsindikiza, watalala wapi, na akifariki nani atamrudisha nyumbani. Mwenye kuamua safari hana budi kuyajibu hayo kabla haijaanza. Nasi tusijitoe lawamani: jumuiya ndogo ndogo inayochangia jeneza bila kuchangia nauli imechelewa kumpenda ndugu yake.