Moyo unaovuja: valvu ya mrija imejaribiwa kwa nani?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyetuumbia moyo unaopiga usiku na mchana bila ya sisi kuuamrisha. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetuhimiza kutafuta matibabu na kutokata tamaa.

Huenda nawe umesikia kwa jamaa aliye Muscat, au umeona kwenye simu, kwamba siku hizi valvu ya moyo inabadilishwa kwa mrija bila ya kupasua kifua. Wenye wagonjwa majumbani, kuanzia Kondoa na Chemba hadi Mpwapwa, wanauliza: je, na mwanangu anaweza kuipata? Swali hilo ni la haki. Lakini lipo swali linalolitangulia: valvu hiyo imejaribiwa kwa nani?

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Upande wa kushoto wa moyo una vyumba viwili, na katikati yake pana mlango uitwao valvu ya mitrali. Damu itokayo kwenye mapafu hupita hapo, kisha mlango hufungwa ili isirudi ilikotoka. Mlango usipofunga sawasawa, damu hurudi nyuma kila moyo unapopiga. Hapo mgonjwa huishiwa pumzi akipanda kilima kidogo, hulala kwa mito mitatu, hukohoa usiku na huvimba miguu. Kwa mwanamke, mara nyingi ugonjwa hujitokeza akiwa mjamzito, kwa kuwa wakati huo moyo hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Ama hiyo tiba ya mrija, ni kweli ipo. Mwaka 2002 daktari Alain Cribier wa Ufaransa aliweka kwa mrija valvu ya kwanza ya mlango mwingine, ule wa mshipa mkuu utokao moyoni. Mlango wa mitrali ulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ni mpana, umbo lake si duara kamili, na hauna ukingo mgumu wa kuishikilia valvu mpya. Valvu ya kwanza ya mrija katika mitrali isiyowahi kufanyiwa upasuaji iliwekwa Copenhagen mwaka 2012. Baadhi ya valvu hizi hupitishwa kwenye mshipa wa kinenani, na nyingine kwenye tundu dogo la kifuani hadi ncha ya moyo. Mojawapo, iitwayo Tendyne, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2025.

Sasa turudi kwenye swali letu. Majaribio ya tiba hizi yamefanywa zaidi kwa wazee wa Ulaya na Marekani ambao upasuaji wa kawaida ni hatari kwao. Chukua mfano wa kibanio kinachopitishwa kwa mrija kubana pande mbili za valvu inayovuja. Mwaka 2018 majaribio mawili yalitangazwa. La Marekani na Kanada lilikuwa na wagonjwa 614, wastani wa umri wao ukiwa miaka 72 hivi, na waliowekewa kibanio walikufa wachache zaidi. La Ufaransa, kwa kibanio kile kile, halikuona tofauti. Ikiwa wazee wa nchi tajiri wanaweza kutoa majibu mawili, vipi tutabahatisha jibu la kijana wa Bahi?

Na kijana wetu ana ugonjwa wa asili nyingine. Wazee wale wengi valvu zao huvuja kwa uchakavu wa umri au kwa moyo uliotanuka. Huku kwetu, kwa watoto na vijana, chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi. Mtoto hupata mafindofindo yaletwayo na bakteria, hayatibiwi ipasavyo, na baada ya wiki mbili tatu kinga ya mwili wake hugeuka kuushambulia moyo wake mwenyewe. Valvu hubaki na makovu, hukakamaa na kujikunja. Wenye valvu za namna hii kwa kawaida waliachwa nje ya majaribio niliyoyataja. Tena valvu iliyotengenezwa kwa utando wa mnyama huchakaa upesi zaidi katika mwili wa kijana kuliko wa mzee. Aliyewekewa akiwa na miaka 80 huenda asihitaji nyingine. Je, binti wa miaka 16?

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi Waislamu. Tendyne imetengenezwa kwa utando wa moyo wa nguruwe, na zipo nyingine za utando wa ng'ombe. Ni haki yako kumuuliza daktari valvu ni ya mnyama gani na kama ipo badala yake. Ikiwa hakuna nyingine na uhai uko hatarini, Suratul Baqara aya ya 173 imeweka wazi nafasi ya aliyelazimika pasi na kutamani wala kuvuka mpaka. Muulize daktari na muulize sheikh wako mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Wapo watakaosema: basi tusikubali majaribio, tusifanywe panya wa maabara. Na wapo watakaosema: ileteni hivyo hivyo, wagonjwa wanakufa. Mimi sikubaliani na wote wawili. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio. Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda ilishindanishwa na zile za zamani za jamii ya wafarini. Wengi walitarajia mpya ifanye vizuri. Waliotumia za zamani ndio waliokufa wachache zaidi. Lau wagonjwa wa nchi zetu wasingeingizwa katika utafiti huo, tungeendelea kudhani kwamba kila kipya ni bora.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: valvu ya mrija isiletwe kwetu kwa makisio, na wala isikataliwe kwa woga. Ijaribiwe kwa wagonjwa wenye ugonjwa wetu, kwa kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa. Ukiombwa kushiriki, uliza: nani walijaribiwa kabla yangu, na wana umri gani? Ikiharibika, nani atagharimia matibabu? Nikikataa au nikijitoa, nitaendelea kutibiwa? Asiyekujibu hayo, usimpe saini yako.

Na mgonjwa wa leo asikae nyumbani akisubiri mrija. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inafanya upasuaji wa valvu hapa hapa nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina mtambo wa kuchunguza na kutibu moyo kwa mrija. Ikiwa mlango umebana badala ya kuvuja, ipo tiba ya puto iliyobuniwa na daktari Kanji Inoue wa Japani miaka ya 1980, nayo inaufaa vizuri ugonjwa huu huu wa kwetu. Kipimo cha eko ndicho kitakachoonesha ni kipi kati ya hivyo viwili.

Lakini kinga ndiyo bora. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye dalili za mwanzo kabisa katika valvu, zilizoonekana kwa eko tu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila mwezi na jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Hilo ni jaribio la Afrika Mashariki, kwa watoto wa Afrika Mashariki, na dawa yake ni ya siku nyingi na bei yake ni nafuu.

Sasa jiulize, ndugu mzazi: mwanao akilalamika koo, unampeleka wapi? Wako wanaompeleka kwa mkata kimeo. Kimeo hakina kosa lolote, na wembe wake hauui bakteria walioko kooni. Mpeleke zahanati, na akiandikiwa dawa azimalize zote hata akipata nafuu siku ya pili. Walimu wa madrasa, watoto wakilala bwenini wasibanane kichwa kwa kichwa, na madirisha yafunguliwe, kwani bakteria hao huenea kwa kikohozi na msongamano. Mtoto ambaye viungo vinamvimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo cha mguu, baada ya kuumwa koo, asipakwe dawa ya kuchua tu. Apimwe moyo.

Na aliyekwishagundulika asikose sindano yake kila baada ya wiki nne, au vidonge iwapo daktari ataona hivyo vinamfaa zaidi. Wenye kusahau, ichomwe siku ya Ijumaa. Hesabuni Ijumaa nne, na maimamu wakumbushe msikitini kama wanavyokumbusha mambo mengine ya kheri. Sindano hiyo huendelea kwa miaka mingi, naye mtoto hawezi kuihesabu peke yake.

Siku moja valvu ya mrija itafika Dodoma, inshaallah. Ikifika, iwakute watoto wetu ni wachache wanaoihitaji, na hao wachache wapewe ile iliyothibitika kuwafaa wao.

Wabillahi tawfiq.