Usaili Usiwe Kazi ya Bure

Wanafunzi wangu wapenzi, neno usaili limetokana na kitenzi saili, yaani kuuliza. Anayekuita kwenye usaili amekuita akuulize. Hajakuita umfanyie kazi. Naanza na maana hiyo kwa kuwa baadhi ya wachapishaji wa majarida jijini Kampala wameigeuza, na wanaoumia ni vijana waliotoka madarasani mwetu wakitafuta nafasi ya kwanza ya mhariri msaidizi.

Desturi yenyewe ni hii. Kijana huulizwa maswali machache, kisha hupewa "jaribio": aandike makala ya maneno elfu moja, ahariri nyingine tatu, alete zote Jumatatu. Huzileta. Baada ya hapo simu yake haipokelewi. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mkazi wa hapa Ggaba, aliikuta makala yake ndani ya jarida mwezi uliofuata, bila jina lake wala shilingi moja ya malipo. Alipouliza, aliambiwa kwamba lile lilikuwa jaribio tu. Jaribio gani hilo linalouzwa dukani?

Wachapishaji watasema hawawezi kumwajiri mhariri wasiyempima. Hapo wana haki, nami sitamtetea mvivu. Ndimi zetu za Buganda huchanganya r na l, na msailiwa anayeandika kwamba wananchi "wamepiga kula", au kwamba mkutano utafanyika "mahari pale pale", hajafaa kukabidhiwa ukurasa. Lakini kosa hilo huonekana katika aya moja. Mpe aya tatu zilizokwisha kuchapishwa zamani, uzitie makosa, umkalishe mezani nusu saa; utamjua. Sokoni Ggaba mnunuzi huinua shavu la sato aone kama bado ni jekundu. Hakuna mchuuzi atakayemruhusu kwenda naye nyumbani, amkaange, amle, kisha arudi kusema hakumpenda.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mwandishi haki juu ya kazi yake. Mwajiri huimiliki kazi iliyoandikwa na mwajiriwa wake katika ajira, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Msailiwa si mwajiriwa: hana mkataba, hana mshahara. Basi ana hoja ya kudai kwamba makala ni mali yake, na kuichapisha bila idhini yake ni kumpokonya. Wengi hawataenda mahakamani kwa ajili ya kurasa mbili. Wachapishaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanathubutu.

Kinachonichoma zaidi ni historia. Mwaka 1961 Rajat Neogi alianzisha hapa Kampala jarida la Transition. Mwaka 1968 alitiwa kizuizini, yeye na Abu Mayanja, baada ya jarida hilo kuchapisha maandishi ya Mayanja yaliyoikosoa serikali. Mhariri aliubeba mzigo wa maneno ya mwandishi wake hadi gerezani. Leo, katika jiji lile lile, yuko mhariri anayeyachukua maneno ya kijana asiye na kazi, akalifuta jina na kutia fedha mfukoni.

Kwa hiyo, mkiitwa, ulizeni kwa maandishi kabla ya kushika kalamu: jaribio lina urefu gani? Litachapishwa? Likichapishwa, malipo ni kiasi gani? Kila ukurasa uandikeni jina lenu, tarehe na maneno haya: "Kwa usaili tu. Hairuhusiwi kuchapishwa bila idhini yangu." Bakini na nakala. Na yule ambaye makala yake imekwisha kuchapishwa, aniletee jarida pamoja na nakala yake; barua ya madai tutaiandika pamoja katika kipindi cha barua rasmi.